Wimbo wa Mvushi

Bendi ya harusi inakula usiku. Mchana tunachomelea nyaya zilizokatika, tunakaza ngozi za drams, tunalala. Riziki inaanza kuingia watu wakishatoka swala ya isha, na inaendelea mpaka majogoo. Ndiyo maana Mei 2017, ilipotangazwa kwamba bodaboda zisitembee kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga, duka letu lilifungwa bila mtu kugusa kufuli. Harusi ya Kibiti haina wageni wa mtaa mmoja. Wanatoka Bungu, Mjawa, Jaribu, Ikwiriri. Wengine wanapanda mashua huko delta mpaka Nyamisati, kisha pikipiki. Watu hao wasipoweza kurudi usiku, mwenye shughuli anaihamishia mchana: maulidi, pilau, bibi harusi anaondoka alasiri. Bendi ya nini mchana?

Siilaumu amri ile. Ilipotoka tulikuwa tumeshazika vya kutosha. Tangu 2015 wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji na viongozi wa chama tawala walikuwa wakipigwa risasi mmoja baada ya mwingine, wengi majumbani kwao, giza likiingia. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa Mkengeni, jirani na Jaribu Mpakani, wakiwa ndani ya gari. Serikali ikaunda kanda maalumu ya kipolisi ya Rufiji. Tarehe 21 Novemba mwaka huohuo Azory Gwanda, mwandishi aliyekuwa akiliandikia gazeti la Mwananchi kutoka hapa kwetu kuhusu mauaji hayo, akatoweka, na mpaka leo hajaonekana. Hayo yaliandikwa magazetini. Mimi naandika yaliyotupata barazani kwetu, na zaidi ya huyo Azory sitamtaja mtu wa Kibiti kwa jina, wala bendi yetu. Waliokaa hapa miaka ile wanajua tulivyozoea kutotaja majina.

Ramadhani ya 2017 iliingia siku chache baada ya tangazo. Mtaani kwetu wengi walifuturu na kuswali tarawehe ndani, milango imekomewa. Kisha ikaja Idd, ambayo kwa watu wa magitaa ndiyo msimu wa mavuno, kwa sababu mfungo mosi ndio mwezi wa kuoana. Tuliipitisha tumekaa barazani tunatazamana. Mpiga drams wetu alipata hasara mara mbili, maana mchana yeye ni bodaboda, na faida ya bodaboda iko jioni. Mpiga besi akarudi kwenye biashara ya kaa wa mikoko. Mwimbaji wetu, dada mmoja mwenye sauti inayoweza kumwamsha mtu Mafia, akaanza kukaanga mihogo stendi. Mimi nilikwenda kupulizia salfa kwenye mikorosho ya watu. Salfa inawasha macho, na ukikohoa usiku mtu wa chumba cha pili anashituka akidhani ni mlango. Kinanda tulikiuza. Spika hatukuuza, si kwa ujasiri, ila kwa kuwa hakuna aliyeitaka.

Spika yenyewe ina kisa chake. Koni yake ilichanika zamani ikiwa juu ya fuso, na tangu hapo gitaa likipita mle linanguruma na kukwaruza. Bendi nyingine wangeitupa. Sisi tuliizoea, halafu tukaipenda, halafu tukaanza kutunga nyimbo zinazoihitaji. Watu wakawa wanatuita watoto wa kelele. Mjomba wangu, aliyekuwa kuli bandarini Dar es Salaam miaka ya 70, ndiye aliyetuambia kwamba hiki tunachopiga kina jina, kinaitwa roki, na kwamba mjini kulikuwa na vijana waliokipiga kwa Kiswahili kabla hatujazaliwa. Waliitwa Sunburst. James Mpungo akiimba, Hembi Flory Kongo, Mkongo, akilivuta gitaa mpaka linalia. Tulidhani mjomba anatia chumvi. Kumbe 2016 kampuni ya Strut ya London ilikuwa imezikusanya na kuzitoa upya kazi za Sunburst, na mpiga besi akazipata kwenye simu. Tulizisikiliza kwa kipaza sauti kimoja cha simu, wanne tumeinamisha vichwa, mjomba anasema, “Mnaona? Mnaona?” na hakuna wa kumbishia.

Kilichonigusa zaidi ni safari ya kazi yenyewe. Santuri yao ndefu, Ave Africa, ilitoka 1976, na ilitoka Zambia. Nchi yetu ilikuwa na bendi kila kona na haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Radio Tanzania ilirekodi, bendi zikasikika Tabora mpaka Lindi. Lakini aliyetaka wimbo wake uwe kitu cha kushikwa mkononi alilazimika kuvuka mpaka, na wengi walikwenda Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa mpaka 1983. Mjomba anasema katika miaka ile mtu alisikiliza wimbo redioni akijua huenda asiupate tena. Sunburst wenyewe hawakudumu baada ya Ave Africa. Ilibidi ipite miaka 40 ndipo wimbo wao ufike barazani Kibiti, ukiwa umezungukia London.

Sasa nieleze kuhusu mzee wangu, kwa sababu bila yeye hakuna wimbo.

Baba alikuwa mwenyekiti wa kitongoji huko delta, ng'ambo ya Nyamisati, mahali ambapo saa ya ukutani haina kazi na watu wanahesabu kwa maji kujaa na kupwa. Alichaguliwa kwa sababu ana mwandiko mzuri na ana subira ya kusikiliza kesi za mipaka ya mpunga. Hakuna aliyewahi kumwita mkubwa. Msimu wa mpunga analala kwenye dungu, kibanda cha juu ya miti katikati ya shamba, akifukuza ndege alfajiri na nguruwe usiku. Wenzake wa bara walipoanza kuuawa, alisema delta ni mbali, nani atapanda mtumbwi kwa ajili yake. Habari zikazidi kusogea. Mama hakubishana naye, alifunga nguo kwenye kanga, akangoja maji ya bamvua, na yalipojaa akamwambia, “Baba fulani, mashua iko hapa.” Walishukia Nyamisati, wakafika Mbagala kwa dada yangu, chumba kimoja na sebule, mzee akalazwa sebuleni.

Mwanaume aliyezoea anga lote la Rufiji, sasa analala chini ya televisheni. Mchana alikaa kibarazani akihesabu daladala. Hakulalamika. Ila usiku, kila nilipokwenda kuwaona, nilimsikia akiita usingizini. Aliita mvushi. Kwetu ukifika ukingoni giza limeingia na mtumbwi uko ng'ambo, unaweka viganja mdomoni unaita, na kila mtu ana wito wake. Mvushi anautambua hata kabla hujasema wewe nani. Wito wa baba unaanza chini, unapanda taratibu, halafu unakatika juu ghafla. Aliuita sebuleni Mbagala saa nane ya usiku, mara moja, akageuka upande wa pili akaendelea kulala. Dada alisema anafanya hivyo karibu kila siku, na wapangaji wenzake wameanza kuuliza.

Nilirudi Kibiti nikiwa nao kichwani. Nikautafuta kwenye gitaa. Noti tatu, ya tatu unaikata kwa kiganja. Mpiga besi aliposikia akasema, “Hiyo ni sauti ya mzee,” bila mimi kumwambia kitu.

Tulitunga mchana, milango imefungwa, bila umeme wa spika, drams zimefunikwa kanga. Maneno ni machache. Mtu amesimama ukingoni jua likizama, anaita. Mvushi anauliza: nani wewe? Mtu anajibu kwa jina la mama yake, la bibi yake, la shamba lao, la mti uliopo mbele ya nyumba yao, mpaka mvushi aridhike. Basi. Hakuna bunduki mle, hakuna damu, hakuna anayelaumiwa. Dada wa sauti alitaka ubeti mmoja wa kusema wazi. Tulibishana naye vikali, na nakiri hoja zake zilikuwa nzito kuliko zangu. Lakini Februari 2018 nyimbo kadhaa za wasanii wakubwa zilikuwa zimetajwa hadharani kwamba zisipigwe redioni, kwa sababu za maadili. Sisi wadogo tukajiuliza kama wakubwa wanafungiwa kwa mapenzi, wa Kibiti atafungiwa kwa lipi. Na ukweli mwingine ni kwamba ubeti ule haukuhitajika. Mwaka ule hodi ya usiku ilikuwa jambo la kumtoa mtu jasho. Mtu anayeulizwa “nani wewe?” gizani, akajieleza, akaaminiwa: Kibiti nzima ilijua hilo linahusu nini.

Studio tuliyoipata ilikuwa Mbagala, nyumba ya kupanga, magodoro yamegongwa ukutani, feni imezimwa ili isisikike. Prodyuza kijana, mpole, hodari wa singeli na bongo fleva. Kwa bei tuliyoweza kulipa alitupa nusu siku. Mzigo wa bendi kwenye basi ni nauli ya mtu na nusu, kwa hiyo tulikwenda na magitaa tu. Biti akaitengeneza kwenye kompyuta, gitaa tukalichomeka moja kwa moja, dada akaimba kwenye kabati la nguo lililogeuzwa chumba cha sauti. Tulitoka na wimbo safi kabisa. Tuliusikiliza kwenye basi kurudi, simu inapita mkono kwa mkono, na tulipofika Mkuranga hakuna aliyeomba kuurudia. Ulikuwa umeoshwa mno. Yule mtu wa ukingoni alikuwa amesimama hotelini.

Mjomba, ambaye tangu habari ya Sunburst amekuwa profesa wetu, alikuwa na hadithi ya kutupoza. Uingereza, mwaka 1964, kulikuwa na vijana wanaitwa The Kinks. Mpiga gitaa wao, Dave Davies, alichana koni ya spika yake kwa wembe, kusudi, ili ingurume. Walirekodi wimbo, ukatoka laini, wakaukataa, wakagoma mpaka ukarekodiwa upya. Uliotoka Agosti mwaka ule, You Really Got Me, ulifika namba moja kwao. Niliikagua hadithi hiyo baadaye na ni kweli, tofauti na nyingine nyingi za mjomba. Jambo lililotusisimua ni wembe. Sisi tulikuwa na spika iliyochanwa na fuso bila malipo, na tulikuwa tumeiacha nyumbani.

Kurekodi upya kulitaka pesa, na pesa ikangoja korosho. Korosho zilipolipwa, watu walipata nafasi ya kupumua. Usiku nao ulikuwa umeanza kufunguka kidogo kidogo. Mtu mmoja anachelewa kufunga genge, mwingine anaona, kesho yake wanachelewa wawili. Tulipata shughuli mbili tatu za jioni, zikatuwezesha kukodi pikapu iliyokuwa inapeleka mananasi ya Bungu mjini. Tukapakia spika, drams, sisi wenyewe juu ya mananasi.

Kwenye kizuizi kimoja tukashushwa. Begi la gitaa, nyakati zile, lilikuwa mzigo wa kueleza. Askari mmoja alinitaka nilifungue polepole, nikafungua polepole sana. Akalitazama gitaa, akaniambia nipige. Barabarani, saa nne asubuhi, mikono inatetemeka, nikapiga zile noti tatu. Akaninyooshea kidole: “Kamba ya tano imeshuka.” Akalichukua, akaikaza mwenyewe akitega sikio, akapiga pambio la kanisani, vizuri kabisa kwa kweli, akanirudishia. “Nendeni.” Dada wa sauti alicheka kutoka pale mpaka Vikindu. Hatukuwa tumecheka hivyo siku nyingi, na dereva alidhani tumelewa.

Prodyuza alipoiona spika alidhani tunataka aitengeneze. Tulimwomba kitu kimoja: tupige wote kwa pamoja, mara moja, na yeye arekodi kinachotokea. Alisita, maana kazi yake siku zote ni kipande kwa kipande. Kikiharibika kimoja unakifuta. Watu wakipiga pamoja, sauti ya drams inaingia kwenye maiki ya mwimbaji na haitoki tena. Lakini alikuwa kijana mwenye udadisi. Drams zikakaa koridoni, spika ikafungiwa chooni maiki moja ikiwa mbele ya ule mpasuko, mpiga besi akakaa jikoni, dada sebuleni, mimi mlangoni ili nione wote. Umeme ukakatika. Ukarudi. Jirani mmoja akaja kuuliza kama kuna msiba.

Baba alikuja kwa miguu kutoka kwa dada yangu, amevaa kanzu na kofia ya viua, kana kwamba anaitwa kwenye nikahi. Nilikuwa nimemwomba aje aite. Nilidhani atakataa. Alikubali kwa sharti kwamba asilipwe kidogo kuliko mpiga drams. Prodyuza akamsalimu, “Shikamoo babu. Ukisikia magitaa yamenyamaza, ita kama unavyoita kwenu.” Mzee akasimama mbele ya maiki, akatazama godoro lililogongwa ukutani, akauliza, “Mto uko wapi?”

Hakuna aliyejibu.

“Siwezi kuita ukuta.”

Ikabidi mlango wa mbele ufunguliwe na maiki igeuzwe. Mbele yake kulikuwa na uchochoro, kamba za nguo, genge la nyanya, na mwisho wa uchochoro barabara ya daladala. Akaukubali huo. Tukaanza. Mara hii ilinguruma ilivyotakiwa kunguruma. Niliona prodyuza anaacha kutazama kompyuta na kuanza kututazama sisi. Tulipofika pale pa kunyamaza, baba akaweka viganja mdomoni, akaita. Nilikuwa nimeusikia wito ule maisha yangu yote, ukivuka maji. Sijawahi kuusikia ukivuka Mbagala. Na kabla hatujarudi na magitaa, kutoka nyuma ya zile nguo zilizoanikwa, sauti ya mwanamke mtu mzima ikajibu kwa nguvu, kwa lafudhi ya kwetu:

“Najaaa!”

Mbagala imejaa watu wa Rufiji, Kilwa, Mafia. Mama yule alikuwa anafua. Baadaye alituambia alijibu kabla hajafikiri, mdomo ulikwenda wenyewe. Alikuwa na miaka mingi hajausikia wito wa ukingoni. Mpiga drams alitaka kusimama, nikamkodolea macho asithubutu, tukaingia ubeti wa mwisho. Dada aliimba machozi yanamtoka, na sauti haikuyumba. Hatukurudia. Prodyuza alipoulizwa kama ataifuta ile sauti ya nje, alinitazama akaniuliza kama ninaumwa.

Kuachia wimbo ni kazi nyingine. Msanii mkubwa ana meneja, ana video, ana mtu wa kumpigia simu redioni. Sisi tulikwenda kwa njia ya sheria kwanza, tukasajili, tukapeleka wimbo kwa wahusika, tukajaza fomu za hakimiliki za COSOTA. Mtandaoni tuliogopa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilikuwa zimetoka Machi 2018, zikimtaka mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni alipie leseni inayozidi shilingi milioni 2, na kila uliyemuuliza kama hilo linamgusa mwenye singo moja alikupa jibu lake. Milioni 2 kwetu ni drams mpya mbili. Tukaamua wimbo utoke kwa flashi.

Kibiti iko kilomita 140 hivi kutoka Dar es Salaam, kwenye barabara ya Lindi na Mtwara. Mabasi yanasimama, abiria wanakula, konda anataka muziki mpya. Tulimpa flashi kila konda aliyeipokea. Tulimpa kijana anayeingiza nyimbo kwenye memori kadi pale stendi, akawa anautia hata kwa wasiouomba. Bodaboda waliufunga kwenye spika zao kwa heshima ya mwenzao, mpiga drams. Mpiga besi aliupeleka Nyamisati, kwa manahodha wa mashua za Mafia na za delta. Redio moja iliupiga mara moja asubuhi sana. Nyingine ilisema gitaa lina hitilafu, tupeleke uliorekebishwa. Tuliwashukuru.

Mimi sikujua kama umefika mpaka nilipokaa kwa mama lishe mmoja pale stendi, basi la Mtwara likasimama madirisha wazi, wimbo unapigwa. Ulipofika wito wa baba, yule mama akiwa na mwiko mkononi, mgongo umenigeukia, akajibu, “Najaaa!” na abiria wawili dirishani wakajibu pamoja naye. Hawakuwa wanafahamiana. Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Basi likaondoka.

Baada ya hapo ikawa hivyo kila mahali. Harusi yetu ya kwanza ya usiku mzima ilikuwa upande wa Mjawa. Kabla ya pale wageni walikuwa na tabia ya kutazama saa, na mwenye nyumba alikuwa ameweka vijana wawili njiani na tochi. Tuliupiga wimbo saa tano. Magitaa yakanyamaza, na kwa kuwa baba hakuwepo niliita mimi, vibaya. Uwanja mzima ulijibu. Wazee walijibu, watoto waliokuwa wamelala mapajani mwa mama zao waliamka wakaanza kulia, na kutoka kwenye mikorosho, gizani kabisa, wale vijana wa tochi nao wakajibu. Mwenye harusi akaja jukwaani, nikadhani anataka tupunguze sauti. Alitaka urudiwe. Tuliurudia mpaka dada akasema koo lake si la serikali.

Pesa? Watu huniuliza. Wimbo wenyewe umetuingizia kiasi cha kununua kamba za magitaa. Umenakiliwa mpaka hakuna anayejua wa kwanza ulitoka wapi, na kuna bendi moja ya mbali inaupiga ikisema ni wa asili. Ila ulituletea shughuli. Tulirudisha kinanda, si kile, kingine. Dada aliacha mihogo, kisha akairudia kwa hiari yake kwa sababu anasema stendi ndiyo inayompa nyimbo.

Baba alirudi delta hali ilipotulia. Hakurudi kwenye uenyekiti. Aliukuta mpunga umekuwa nyasi na dungu limeliwa na mchwa, akaanza upya. Aprili 2024 mvua na maji yaliyofunguliwa kutoka Bwawa la Julius Nyerere yalifurika Rufiji na Kibiti, mashamba yakalala chini ya maji, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikaja juu ya hayo. Walitolewa kwa boti yeye na mama, safari hii akiwa amebeba begi lake mwenyewe. Drams zetu zilikuwa kwenye harusi iliyokatizwa, zikabaki kwenye nyumba iliyoingia maji. Pipa la besi tulilikuta limejaa tope na kaa mmoja. Spika ilipona. Haipati ajali mbili.

Mzee sasa yuko kwangu Kibiti akingoja shamba likauke sawasawa, na ana kesi na mimi. Anasema sauti yake imepigwa kwenye mabasi ya Mtwara, Lindi, Masasi, kwenye mashua za Mafia, kwenye harusi asizoalikwa, na malipo aliyopewa ni ya siku ile moja tu. Nilimweleza habari za mgawanyo wa mirabaha. Alinisikiliza kwa ule uvumilivu wa kesi za mipaka, akaomba karatasi, na kwa mwandiko wake mzuri akaandika madai: jina lake, la mama yake, la kitongoji, na sehemu anayoidai, robo. Mpiga besi ameshasaini kukubali. Dada pia. Amebaki mpiga drams, anayesema robo ya kitu kisichokuwepo iongezwe iwe nusu, mradi mzee aje aite kwenye singo ya pili. Mzee amekubali, ila ametaka kujua kwanza mlango wa studio hiyo unaelekea wapi.